ISO, IETF au W3C: kikundi chenu cha viwango kiige mpango wa nani?

Hii ni mara ya tatu mwaka huu naulizwa kitu kilekile, safari hii ni jamaa yangu wa Arusha, "kaka, tumeanzisha umoja wa kuandika viwango vya data, mfadhili anataka mpango mkakati wa miaka mitano, tuanzie wapi?" Nikamuuliza, hao watakaokaa kuviandika mnawalipa? Akacheka, tuwalipe nini sasa, kila mtu ana kazi yake, wanajitolea jioni wakishatoka ofisini. Nikamwambia basi hapo ndo penye mtihani, maana kampuni inampangia mtu anayekula mshahara wake, ila umoja wa viwango unampangia mtu ambaye akichoka kesho anazima simu na huna cha kumfanya.

Kwa hiyo badala ya kumtumia templeti nimeona nilinganishe wakubwa watatu, kila mmoja amehangaika na tatizo hilohilo kivyake: ISO (viwango vya kila aina duniani), IETF (viwango vya ndani ya intaneti) na W3C (viwango vya wavuti). ITU, shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, naiacha pembeni, ile ni ya serikali na inapanga kama serikali, mpango wa miaka minne minne unaopitishwa na nchi kwenye mkutano mkuu, kama we si wizara hautakufaa.

Mfano mdogo kwanza ili tusiongee hewani. Fungua ukurasa wowote wa Kiswahili mtandaoni uliotengenezwa vizuri uangalie kodi yake (kodi ya programu jamani, sio ya TRA), juu kabisa utakuta lang="sw". Hizo herufi mbili "sw" zimetoka ISO, kiwango namba 639. Utaratibu wa kuunganisha lugha na nchi ukapata sw-TZ au sw-KE ni wa IETF, unaitwa BCP 47, na hizo TZ na KE ni ISO tena, namba 3166. Neno lang na sehemu ya kuliweka ni mambo ya HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ambayo ililelewa W3C na siku hizi inatunzwa na WHATWG, hao nitawafikia maana habari yao ni ndefu. Yaani mstari mmoja umepita mikono ya watu ambao hawana bosi mmoja na hawajawahi kukaa kwenye semina moja kupanga.

Kazi mpya inaanzaje

ISO wanapanga mbali. Wameanza kazi Februari 1947, makao Geneva, wanachama wao ni nchi, kila nchi taasisi moja, sisi TBS, Kenya KEBS, Uganda UNBS. Wana mkakati wa mpaka 2030 wenye malengo matatu makubwa: viwango vyao vitumike kila mahali, vijibu mahitaji ya dunia, na sauti zote zisikike. Sasa niambie nani atapinga hayo? Lengo ambalo hakuna anayeweza kulipinga halikusaidii kuamua kitu siku mmekaa kikao saa kumi jioni na mna kazi sita na watu wa kufanya mbili. Uzuri wa ISO hauko kwenye kile kijitabu, uko chini zaidi. Kila kamati ya kiufundi inatakiwa kuwa na mpango wake, soko letu ni lipi, nani atatumia tunachoandika, na kazi mpya haipiti kwa kura za "tunaunga mkono" peke yake, lazima nchi angalau tano zikubali na ziseme tutatoa mtaalamu wa kuifanya (kamati zikiwa ndogo zinatosha nne). Hicho kipengele cha kutoa mtu mi nakipenda kuliko mkakati mzima.

IETF ni dunia nyingine. Mkutano wa kwanza ulikuwa Januari 1986, San Diego, watu 21. Mpaka leo hamna uanachama, unajiunga na orodha ya imeili umeshakuwa mmoja wao. Hamna kura, wakitaka kujua ukumbi umeelemea wapi mwenyekiti anawaambia wanaokubali wagune, halafu wanaokataa wagune, "mmmm", anasikiliza. Siku hizi wakiwa mtandaoni wanatumia kitufe lakini wazo ni lilelile, hawahesabu vichwa, wanasikiliza kama pingamizi lina hoja. Na juu hamna mtu mwenye orodha ya itifaki (kanuni za kompyuta kuongea na kompyuta) zitakazoandikwa miaka mitano ijayo. Mtu anakuja na tatizo, wanafanya kikao cha kupima upepo, wakiona watu wa kufanya kazi wapo kikundi kinaandikiwa hati yenye mipaka, kikimaliza kinafungwa.

Waliwahi kujaribu njia ya juu kwenda chini ikawatokea puani. Mwaka 1992 anwani za intaneti zilionekana zitaisha, Bodi ya Usanifu wa Intaneti, iliyokuwa juu ya IETF, ikakutana Kobe, Japani, ikatoka na pendekezo kwamba njia ya mbele ni CLNP, itifaki ya kutoka upande wa ISO. Kiufundi unaweza kuwatetea, ila watu wa chini hawakuulizwa. Moto uliowaka kwenye orodha za imeili hauelezeki, na mwezi uliofuata kwenye mkutano wa Cambridge, Massachusetts, David Clark, mmoja wa wakongwe wao, akasimama na ile kauli ambayo watu wa IETF wanaivaa mpaka kwenye fulana, kwamba tunakataa wafalme, marais na kupiga kura, tunaamini makubaliano ya jumla na programu inayofanya kazi. Baada ya hapo utaratibu wa kupata viongozi ukabadilishwa, sasa kamati ya kuteua inachotwa kwa bahati nasibu kutoka kwa watu wa kawaida waliojitolea na wanaoshiriki mikutano. Bahati nasibu kabisa, na ukiifikiria vizuri ni dawa nzuri ya kambi, huwezi kumhonga mtu ambaye hujui kama ataokotwa.

Ila tusiwasifie kupitiliza. Kilichotoka kwenye ule mzozo ni IPv6, itifaki mpya yenye anwani nyingi zaidi, toleo la kwanza limechapishwa Desemba 1995, na miaka zaidi ya 25 baadaye bado kuna mitandao kibao haijaiwasha. Hakukuwa na mtu wa kuwalazimisha waendeshaji, hiyo ndo bei ya kutokuwa na mfalme.

W3C iko katikati. Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, aliianzisha Oktoba 1994 pale MIT, wanachama ni mashirika yanayolipa ada, wako zaidi ya 300. Kwa upande wa mipango wana kitu wanakiita faneli, fikiria ile ya kumiminia mafuta ya taa kwenye kidumu. Juu pana, wazo lolote linaingia, linaandikwa hadharani GitHub (tovuti ya kuhifadhi kodi) kila mtu anaona, halafu linachunguzwa, linajaribiwa, na linalobaki ndo linaandikiwa hati na kupelekwa kwa wanachama. Mengi yanaishia njiani na hiyo ndo kazi ya faneli. Halafu tangu 2011 kuna vikundi vya jamii, kuingia bure, huhitaji hata shirika lako liwe mwanachama, mnajifunga humo na wazo lenu mnaliotesha, likikomaa mnaomba liingie njia rasmi.

Lakini faneli haikutoka mbinguni

Hapa ndo naomba usome polepole kama una haraka ya kumwandikia mfadhili.

Mwisho wa 1999 W3C ilitoa HTML 4.01, na Januari 2000 ikatoa XHTML 1.0, mpango ukiwa kwamba wavuti wote uhamie XML, utaratibu mwingine wa kuandika kwa lebo. Kwenye karatasi ilikuwa safi sana. XML ni kali, kosa moja tu, lebo hujaifunga, brauza inatakiwa isionyeshe ukurasa, inakuletea ujumbe wa kosa. Sasa fikiria duka lako la mtandaoni linafungwa kwa sababu ya mkwaju mmoja (/) uliosahau. Agosti 2002 ikaja rasimu ya XHTML 2, na hiyo haikuwa hata na nia ya kuendana na kurasa zilizokuwepo. Watu wa kutengeneza brauza wakaanza kuuliza, hii tunamtengenezea nani?

Juni 2004 kukawa na warsha ya W3C, Mozilla na Opera wakapeleka andiko lao kwamba tuboreshe HTML iliyopo, tusivunje kurasa za watu. Ikapigwa kura ya kupima maoni, waliokubali 8, waliokataa 14. Kura imeshinda, mpango umelindwa, kila kitu kimefuata utaratibu. Siku chache baadaye Mozilla, Opera na Apple wakatangaza kikundi chao, WHATWG, wakaenda kuandika yao pembeni. We jiulize, kwenye hao nane walikuwemo watengenezaji wa brauza, hao 14 wangeifanyia nini XHTML 2 kama hakuna brauza ya kuifungua?

Oktoba 2006 Berners-Lee mwenyewe akaandika kwamba kujaribu kuihamisha dunia yote kwenda XML kwa mkupuo haikufanikiwa. Mwaka 2009 W3C ikatangaza kwamba kikundi cha XHTML 2 hakitaongezewa muda, HTML5 ikawa rasmi Oktoba 2014, na Mei 2019 W3C na WHATWG wakasaini makubaliano kwamba HTML itaandikwa WHATWG. Ukihesabu toka ile kura ni miaka 15 ya kuzunguka kurudi kwa hao nane.

ISO nao wana yao ya aina hii, tena kubwa zaidi, modeli ya OSI ya tabaka saba, ya jinsi kompyuta zinavyowasiliana, ambayo bado tunakaririshwa chuoni, ilichapishwa 1984, na serikali ya Marekani ikaagiza ofisi zake zinunue vifaa vya OSI kuanzia 1990. Mwaka 1995 agizo likalegezwa, watu walishahamia TCP/IP, itifaki za intaneti hii tunayotumia, ambayo ilikuwepo, inafanya kazi na maandishi yake ni ya bure. Kwa hiyo hata mkiwa na serikali nyuma yenu, kama hakuna aliyeshika bisibisi mnapanga ndoto.

Kufunga kazi

Hapa naenda haraka ila pasipuuzwe, maana mipango mingi niliyosoma ina kurasa 40 za kuanzisha vitu na haina mstari mmoja wa kuvifunga. IETF, rasimu ikikaa miezi sita haijaguswa inaisha muda, yenyewe, hakuna kikao, hakuna kumkosea mtu heshima. ISO, kila kiwango kinarudishwa kwa wanachama angalau kila miaka mitano: kibaki, kirekebishwe au kifutwe, na mradi unaanza ukiwa umepewa miezi 18, 24 au 36. W3C, hati ya kikundi ina tarehe ya mwisho, mkitaka kuendelea mnaomba upya. Kwa kikundi kidogo ile ya IETF ndo tamu kuliko zote, sababu huku kwetu kumwambia mzee mwenye rasimu yake ya miaka minne kwamba haifai ni ugomvi wa ukoo, bora kalenda iseme.

Pesa

ISO inaishi kwa ada za nchi na kuuza viwango, na taasisi za nchi nazo zinauza. Kiwango kama ISO 9001 kinazidi faranga mia moja za Uswisi na hakina hata kurasa nyingi. Mpango wa namna hii unakupa mapato ya kutabirika, ila umejifunga, huwezi kesho kusema vyote bure. Na dunia inasogea, tarehe 5 Machi 2024 mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua kwenye kesi ya viwango vya usalama wa midoli kwamba kuna maslahi ya umma watu kuvipata viwango ambavyo sheria inavitegemea. Ukitaka kuuza kiwango ambacho baadaye utaiomba serikali ikifanye sheria, fikiria hilo mapema.

IETF, RFC (ndo jina la hati zao za viwango) zote bure toka ile namba 1 ya Aprili 1969. Pesa inatoka kwa Internet Society, ada za mikutano na wafadhili wa mikutano. Na Internet Society yenyewe inaipata wapi? Kwa sehemu kubwa kwenye majina ya .org, kila anayelipia jina lake la .org anachangia bila kujua. Mwisho wa 2019 wakataka kuiuza hiyo biashara kwa dola bilioni 1.135, watu wa asasi za kiraia wakaja juu duniani kote, na 30 Aprili 2020 ICANN, msimamizi wa majina ya intaneti, ikakataa. Mwaka huohuo mkutano wa IETF wa Vancouver wa Machi ukahamia mtandaoni kwa sababu ya korona, na mikutano ndo mojawapo ya mifuko yao. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema IETF haina mpango mkakati mwambie ana nusu ya habari: upande wa itifaki haina, ila toka 2018 kuna kampuni ndogo, IETF LLC, inayoshika fedha, mikutano na zana, na hiyo inapanga kama kampuni nyingine yoyote. Jikoni wamepanga, mezani kila mtu anajipakulia.

W3C ni ada, inapimwa kwa ukubwa wa shirika na uchumi wa nchi, kwa hiyo kampuni ya Dodoma hailipi kama ya California. Viwango vyenyewe ni bure kusoma, na toka 2004 wana sera kwamba wanachama waliomo kwenye kikundi hawadai malipo ya hataza (haki za uvumbuzi, patent). Hilo la hataza msilisahau kwenye mpango wenu hata kama mnaona mko wadogo, siku kitu kikishika ndo wenye madai wanajitokeza.

Kitu kingine kimoja kwa wale ambao mfadhili anawaambia usajili kwanza: W3C ilikaa miaka 28 bila kuwa na chombo chake cha kisheria, ilikuwa chini ya vyuo na taasisi zilizoihifadhi, imejisajili yenyewe Januari 2023. IETF ilipita miaka 32 kabla ya hiyo LLC. Sisemi msijisajili, nasema msitumie mwaka mzima kwa msajili mkajiona mmefanya kazi.

Sasa wa kwenu ni yupi

Kama kitu mnachoandika lazima kiingie kwenye sheria au zabuni za serikali, vipimo, chakula, saruji, usalama wa umeme, nendeni njia ya ISO na msijizungushe. Ombeni nafasi kwenye kamati ya TBS au KEBS, kule ISO kura ya Tanzania ni moja na ya Ujerumani ni moja. Mpango wenu uwe wa miaka, wenye watu waliotajwa, na muulize kila anayenyoosha mkono wa kuunga mkono unatoa nani.

Kama ni kitu cha kompyuta kuongea na kompyuta na watengenezaji mko mezani wenyewe, msiandike orodha ya viwango vya miaka mitano, mtajidanganya. Chukueni faneli ya W3C na kalenda ya IETF. Pangeni vitu ambavyo kweli ni vyenu: nani anaingia, nani anasema imetosha, bando na seva vinalipwa na nani, rasimu inakufa lini.

Na kama watumiaji wenu watatoka nchi nyingine, msiandike chenu kabla ya kuangalia kama kuna kikundi cha jamii pale W3C au orodha ya IETF tayari, kujiunga ni bure na ukiandika hoja ya maana wanakujibu, mi nimejibiwa na watu ambao nilikuwa nawasoma majina tu kwenye RFC.

Najua haya kwa sababu tulishaungua. Kikundi chetu tulikuwa tisa, watengenezaji wadogo wa programu za vyama vya msingi vya wakulima, tunataka fomati moja ya risiti ya mizani. Tukapata mshauri, siku tatu hotelini, flipchati ukuta mzima, fursa na vikwazo, chai ya saa nne, tukatoka na kijitabu kimefungwa spairo, viwango 12 ndani ya miaka mitano. Mwaka ukapita tuna utangulizi wa kiwango cha kwanza, dira na dhima zimeandikwa vizuri.

Kilichotuokoa ni gunia la korosho. Risiti ya mwenzetu mmoja iliandika 1,250 akimaanisha kilo elfu moja mia mbili hamsini, mfumo wa pili ukaisoma ni kilo moja na robo, na tarehe 03/04 wengine wakaifanya Machi nne wengine Aprili tatu. Mkulima alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika kumi. Usiku ule mmoja akatupia kwenye grupu la WhatsApp faili la mistari 11: uzito kwa kilo, nukta ndo desimali, hakuna mkato popote, tarehe 2023-11-08 kama ISO 8601 inavyotaka, unyevu kwa asilimia. Kufika Jumapili wanne walikuwa wameshaiweka kwenye programu zao. Hatukupiga kura, watu waliguna tu, kidole gumba juu.

Kijitabu kipo bado, kinazuia mlango wa stoo. Mpango wetu wa sasa ni ujumbe mmoja uliobandikwa juu ya grupu: wazo haliingii bila watu wawili wa programu tofauti kuahidi kulijaribu, maandishi yote ni bure, hela ya seva inachangwa kila robo mwaka, na rasimu isiyoguswa miezi sita inafutwa bila kuulizana. Mpaka sasa zimefutwa mbili, moja ni yangu.